Aliyeita Kutoka Kisimani

Mama Pacha alikuwa mwoga, na wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Umeme ukikatika, aliwaamsha wanawe wawili wamsindikize msalani, mmoja ametangulia na mwingine amefunga msafara, ilhali wenyewe walikuwa bado hawajajua kufunga kamba za viatu. Panya akikimbia darini, yeye ndiye wa kwanza kujifunika gubigubi. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku wezi wakija, itabidi wao ndio wambembeleze anyamaze.

Wifi yake, dada wa huyo mume, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja karibu na stesheni, na hakuna neno aliloshindwa kumwambia mtu. Siku hiyo alitua kwa Mama Pacha akiwa na tiketi mbili alizoachiwa na mgeni aliyekatisha safari yake. Zilikuwa tiketi za matembezi ya mizimu: mnakutana jua likizama mbele ya mahakama ya zamani, mnazungushwa kwa miguu katika vichochoro vya mji mkongwe, mnasimuliwa habari za waliokufa vibaya na nyumba ambazo mpaka leo hazijatulia.

Mama Pacha alikataa kabla wifi hajamaliza. Alisema ana sare za shule za kushona, ana watoto, na kichwa kinamgonga. Wifi akampangua hoja moja moja. Sare hazina miguu ya kukimbia. Watoto watakaa na bibi yao. Na kichwa kinamgonga kwa sababu kutwa nzima ameinamia cherehani. Kisha akamchoma pale alipojua panauma. Alisema kaka yake, mtu mzima na akili zake, alikwenda kuoa akarudi na kifaranga.

Baba Pacha hakuwapo wa kumtetea. Tangu kifungwe kiwanda cha mbao alikokuwa mpakiaji, alikuwa amepata, kwa maneno yake mwenyewe, kazi ya ulinzi wa zamu ya jioni kwenye ghala la unga ng'ambo ya mto. Aliondoka jua likianza kupoa, akarudi watoto wameshalala, nywele zimemganda vumbi jeupe, akapitiliza bafuni bila mengi. Mama Pacha alimwonea huruma, hakumhoji. Jioni zake zilikuwa ndefu na kimya, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amegombana na jirani, akimshutumu kwamba kamwibia shuka lake kwenye kamba. Alikuwa amechoka kukaa ndani na hasira zake. Akaizima taa ya cherehani, akavaa viatu.

Kiongozi wa matembezi aliwasubiri kwenye ngazi za mahakama. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti refu jeusi mpaka vifundoni, mkononi kashika taa ya chemli, na mji mzima ulimjua kwa jina la Bwana Taa. Alikuwa na sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka nyuma. Kundi halikuwa kubwa. Kulikuwa na maharusi wawili walioshikana kama waliogandishwa kwa gundi, wanawake wachache wa ofisi moja waliokuja kujiburudisha, na jitu moja la miraba minne lenye kofia ya ukindu na simu iliyofungwa kwenye kijiti, ambalo lilicheka kila Bwana Taa alipovuta pumzi. Wifi alimpa jina pale pale, akamwita Kofia.

Bwana Taa aliwapa masharti. Watembee karibu karibu, wasiguse milango, wasipige mluzi. La mwisho alilisema akiwa ameinua taa mpaka usoni.

"Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Hata kama sauti unaijua. Hasa kama sauti unaijua."

Wanawake wa ofisini walicheka kwa wasiwasi. Mama Pacha hakucheka. Alishika mkono wa wifi juu ya kiwiko na hakuuachia tena.

Waliingia mji mkongwe. Mchana Mama Pacha alipita huko mara nyingi kununua vifungo na zipu, lakini jioni hiyo palikuwa kama mahali pengine. Nyumba zilikuwa zimeinamiana juu ya njia mpaka baraza za ghorofani zilikaribia kugusana, na mbingu ilibaki ufa tu. Kuta zilitoa harufu ya unyevu na chokaa iliyooza. Nyaya za umeme zilining'inia kama nguo zilizosahauliwa. Kwenye madirisha machache palikuwa na taa na watu wakiosha vyombo, na hilo lilimtuliza. Kisha njia ikapinda, taa zikaisha, na mlango baada ya mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu.

Bwana Taa aliwasimulia juu ya karani wa mahakama aliyejinyonga stoo, ambaye nyayo zake husikika zikipanda ngazi wala hazishuki. Aliwapeleka mbele ya tanuri la mikate lililozimwa miaka mingi, akawataka waweke viganja ukutani wasikie joto. Mama Pacha hakuweka. Wifi aliweka, akaapa kwamba ukuta ni wa baridi kama uso wa mkwe wake, na Kofia akacheka mpaka akakohoa. Kila hadithi ilipoisha, Mama Pacha aliomba Mungu iwe ya mwisho, na kila mara Bwana Taa aliinua taa na kusema bado.

Hatimaye waliingia kichochoro kisichotoka upande wa pili. Mwisho wake palikuwa na nyumba ya ghorofa moja, imebanduka lipu, mlango wa mbele umepigiliwa mbao. Kando ya mlango kulikuwa na dirisha la nondo lisilo na kioo, na ndani yake giza tupu. Hii, Bwana Taa alisema, ndiyo Nyumba ya Kisima. Alitua taa chini na kuipunguza utambi, na nyuso zao zikapotea.

Aliwaeleza kwamba zamani waliishi humo ndugu wawili wenye duka la vitambaa. Baba yao alipofariki, mkubwa hakutaka kugawana nyumba. Ndani ya nyumba kulikuwa na kisima, katikati ya sakafu, kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa wakati huo. Siku moja alimwomba mdogo wake ashuke kutoa ndoo iliyozama, na alipokwisha kushuka, akapandisha kamba. Kisha akafunika mdomo wa kisima kwa mbao, akakaa juu yake kwenye kiti, akala chakula chake cha jioni. Majirani walimsikia mdogo mtu akiita. Mkubwa aliwaambia ni mtumishi mlevi, nao wakarudi makwao.

"Bado anaita," Bwana Taa akamalizia. "Sikilizeni."

Walisikiliza. Mwanzoni palikuwa na pumzi zao tu. Kisha kutoka ndani ya nyumba pakasikika kitu kikigonga ubao, taratibu, kikasita, kikagonga tena. Mama Pacha alihisi nywele za kisogoni zinamsimama moja moja. Ikafuata sauti nzito ya kuguna, ndefu, kama ya mtu anayeota jinamizi. Bibi harusi akajificha kifuani kwa mumewe. Na hapo dirishani, nyuma ya nondo, kitu cheupe kikapita, hakina kichwa wala miguu, kinaelea.

Mama Pacha alificha uso begani kwa wifi. Akasikia mbao zikivunjika kwa kishindo, kitu kizito kikianguka, na maji. Kisha ukelele.

"Nisaidieni! Jamani, nisaidieni!"

Halafu mtu akapiga makofi. Wanawake wa ofisini wakafuata, na Kofia akaangua kicheko kilichogonga kuta zote mbili za kichochoro, akisema jamaa huyu anastahili kupewa tuzo. Hata Bwana Taa, ambaye alikuwa ameshtuka kidogo, alitabasamu gizani kama mwenye duka aliyeongezewa bidhaa bila kuagiza. Mama Pacha akainua uso. Alipoona wote wanacheka, naye akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, cha mtu aliyeambiwa kwamba yote yalikuwa mchezo.

Ukelele ukaja tena, wakaushangilia tena. Mara ya tatu ulikuwa umedhoofika, na haukuomba msaada. Uliita jina.

"Maama Pacha."

Kicheko kilimkatika kama uzi. Sauti iliita kwa kuvuta mwanzo na kukata mwisho, namna ambavyo mtu mmoja tu duniani alimwita, akiwa bafuni amesahau taulo, au mlangoni mvua inapomnyeshea. Mama Pacha alimgeukia wifi kumuuliza kama naye kasikia, na hakuwa na haja ya kuuliza. Wifi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Yule mwanamke asiyeogopa kitu alikuwa amechuchumaa chini.

"Ni kaka," wifi akasema. "Wifi yangu, ile ni sauti ya kaka."

Haiwezekani, Mama Pacha alimjibu, na alisikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyokauka. Baba Pacha yuko ghalani, ng'ambo ya mto. Lakini alipokwisha kulisema hilo, ndipo alipoona maana yake. Kama mwili uko ng'ambo ya mto, na sauti iko hapa, ndani ya nyumba iliyopigiliwa mbao, basi mume wake amekufa jioni hii huko alikokuwa, na kitu kilichokuja kumuaga ni roho yake. Aliona ukuta unamjia, akaushika.

Alitoa simu. Akakosea namba, akapiga tena. Ikaanza kuita sikioni mwake. Na papo hapo, kutoka gizani nyuma ya nondo, watoto wawili wakapaza sauti kwa pamoja.

"Baba, simu! Baba, simu! Baba, pokea!"

Kichochoro kizima kilipiga yowe. Maharusi walikimbia mpaka kwenye kona. Mwanamke mmoja wa ofisini alianguka, viatu vikamtoka. Kofia alishusha kijiti chake na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuwa na la kuchekea. Na Bwana Taa, mwenye mizimu yake, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagota ukuta wa pili, macho yamemtoka, kwa sababu katika hadithi yake hakukuwa na watoto.

Mama Pacha peke yake hakupiga kelele. Sauti zile alikuwa akizifahamu kuliko sauti yake. Alikuwapo jikoni siku Baba Pacha alipowarekodi pacha wale wawe mlio wa simu yake, wakigombea nani aanze. Watoto wake walikuwa kwa bibi yao wanakula. Kilichokuwa kikiita mle ndani kilikuwa ni simu, na simu haifi, wala haina roho ya kutanga. Mahali ilipo simu ndipo alipo mwenyewe.

Sauti ikamwita tena, chini kabisa, kama ya mtu anayesinzia.

"Abee," Mama Pacha akaitika.

Alimfuata Bwana Taa ukutani, akamkamata koti, akamuuliza nani yumo mle ndani. Bwana Taa alianza kusema kwamba ni sehemu ya matembezi, mama asiharibu burudani ya wenziwe. Mama Pacha hakumwachia koti. Akamuuliza tena, na safari hii yule bwana aliusahau mnong'ono wake. Alisema yumo mtu anayemsaidia, anagonga na kuguna na kupita na shuka. Jina lake halijui vizuri, humwita Sauti. Alipaswa kunyamaza baada ya kupita dirishani. Kuhusu kilio hawakuwa wamekubaliana. Kilio alidhani jamaa kajiongeza.

"Kisima kimefunikwa na nini?" Mama Pacha akauliza.

Bwana Taa alisema ni mbao. Mbao za zamani.

Mlango wa nyuma ulikuwa upande wa ua, umefungwa kwa mnyororo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa lile koti. Bwana Taa alijaribu mara tatu, tundu la kufuli hakulipata. Kofia alimnyang'anya ufunguo akafungua mwenyewe. Kisha wote wakasimama. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na giza la aina ile ambayo mwanga wa taa unaingia hatua mbili ukachoka. Hakuna aliyetangulia. Mama Pacha alitazama nyuma, akamwona wifi amekaa chini uani, kichwa katikati ya magoti, hawezi hata kuinuka. Alielewa kwamba hapa hakuna mtoto wa kumtanguliza.

Aliingia. Maisha yake yote hakuwahi kuogopa vile, wala baadaye hakuogopa tena kiasi kile. Meno yalikuwa yanagongana, na bado mguu ulikwenda. Popo, au ndege, kitu kilimpita usoni. Alishika ukuta, chokaa ikammomonyokea mikononi, nyeupe na laini kama unga, na hapo akajua vumbi la kwenye nywele za mumewe lilitoka wapi. Jioni baada ya jioni alikuwa akiliosha kwenye mataulo huku akimpa pole ya kubeba magunia.

Chumba cha pili kilikuwa na dirisha la nondo. Koti la Baba Pacha lilining'inia kwenye msumari kando yake, na ndani ya mfuko simu ilikuwa inawaka. Katikati ya sakafu palikuwa na mbao zilizooza, na kati ya mbao palikuwa na shimo jeusi. Shuka jeupe lilikuwa limenasa kwenye ncha ya ubao uliovunjika, pindo lake limelala sakafuni, na pindo hilo lilikuwa na mishono miwili. Mama Pacha aliitambua kazi ya mkono wake. Hilo ndilo shuka alilogombania na jirani.

Alilala kifudifudi, akajivuta mpaka ukingoni, akamulika kwa simu yake. Chini, mbali kuliko alivyotarajia, aliona maji meusi, na juu ya maji uso. Baba Pacha alikuwa amezama mpaka kifuani, mkono mmoja umekumbatia bomba la chuma lililochomoza ukutani. Damu ilimchuruzika kipajini. Alipandisha macho kwenye mwanga, akamwona mkewe, na badala ya kufurahi akafumba macho na kuanza kuomba. Alikuwa anamwogopa.

"Nimekufa," alisema. "Mungu wangu, nimekufa, na wewe umekufa."

"Hujafa. Mimi nimekuja matembezini na dada yako."

"Uongo. Wewe gizani huji."

"Nimekuja. Shika shuka."

"Shuka gani?"

"Shuka langu, mwizi mkubwa we. Pitisha kwapani ufunge."

Labda ni yale matusi yaliyomrudisha. Alifumbua macho, akamtazama vizuri, akaanza kulia kimya kimya kama mtoto aliyepatikana sokoni. Alisema mguu wa kulia umekwenda, hausikii, na tope linamvuta chini. Alisema mkono umechoka. Mama Pacha alilishusha shuka lililosokotwa, likafika kichwani pake tu; ikabidi ajisogeze mbele zaidi, kifua chote kikiwa hewani, na ubao chini ya tumbo lake ukalia. Vipande vikamwagika majini. Alihisi anakwenda. Kisha mikono miwili mizito ikamshika vifundo vya miguu, na sauti ya Kofia nyuma yake ikamwambia ashuke tu, yeye hana kazi nyingine jioni hii.

Baba Pacha alipitisha shuka kwapani kwa mkono mmoja, akashika ncha kwa meno, akafunga. Kumvuta hawakuweza. Kila walipojaribu, ukingo ulimomonyoka na yeye alipiga ukelele kwa maumivu ya mguu. Ikabaki kumshikilia. Bwana Taa alisimama na chemli yake, mwanga ukicheza ukutani, akirudia kwamba alikuwa amepanga kubadilisha zile mbao, alikuwa amepanga kabisa. Bibi harusi ndiye aliyepiga simu zima moto, na mumewe akakimbia hadi barabara kuu kuwaongoza, maana gari lao lisingeweza kuingia vichochoroni.

Walikaa vile muda ambao Mama Pacha hakuweza baadaye kuupima. Shuka lilimkata viganja. Alimsemesha mumewe asilale. Alimweleza sare alizoshona, alimweleza walichokula watoto, alimtaka amtajie majina ya wajomba zake wote, na alipokosea alimrudisha mwanzo. Kila aliponyamaza, naye alisikia kisima kilivyo: matone, na pumzi, na kitu kama mguno uliozunguka ukutani na kurudi. Alijua ni mwangwi. Alijua, na bado hakuthubutu kukaa kimya. Na mara mbili Baba Pacha aliacha kujibu, na mara mbili alimwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hutamkwa na mama yake tu, mpaka akaguna.

Wazima moto walikuja kwa miguu wamebeba ngazi na kamba mabegani. Mmoja alishuka. Walipompandisha Baba Pacha, goti lake lilikuwa limegeukia upande usio wake, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alipopita uani kwenye machela, wifi aliinuka hatimaye, akashika ubavu wa machela, akatembea nayo mpaka kwenye gari bila kusema neno, na ile ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hana neno.

Hospitali walimfunga vyuma mguuni. Siku alizokuwa na homa hakusema lolote la maana. Ilipopoa alimweleza mkewe yote. Hakuna ghala. Alizunguka mji mzima akitafuta kazi, na kilichopatikana ni kuwa mzuka. Angewaambiaje watoto? Angemwambiaje mama yake kwamba mwanawe wa kwanza anajifunika shuka na kuguna dirishani? Akaona aseme ulinzi. Mama Pacha alimsikiliza huku akimmenyea chungwa. Alimwambia kwamba shuka angeliomba tu, angepewa lililochakaa.

Baba Pacha alitabasamu, kisha tabasamu likafa. Akamwambia kitu kilichokuwa kinamrudia kila akifumba macho. Si maji, wala giza, wala mguu. Ni kwamba alipopiga kelele, aliwasikia watu wakicheka.

"Na kulikuwa na mwanamke mmoja," akasema. "Sauti nyembamba, juu ya wote. Nikajisemea, huyu atanisikia nikifa na bado atacheka."

Mama Pacha alikiweka kisu kwenye sahani. Angeweza kunyamaza. Wodi ilikuwa na watu, muuguzi alikuwa anapita na dawa, na hakuna ambaye angemsuta. Lakini aliiona njia yote iliyo mbele, kila siku akikijua kicheko hicho na mwenziwe asikijue, na akaiogopa njia hiyo kuliko alivyokiogopa kisima.

"Ni mimi," akasema.

Akamweleza kwamba wote walicheka, akadhani yameisha, hofu ikamtoka kwa mdomo. Baba Pacha alimtazama. Kisha akageuza uso ukutani, akabaki vile mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Mama Pacha alikusanya vyombo vyake. Aliposimama, alihisi gauni limeshikwa. Mumewe alikuwa amelikamata pindo, bado anatazama ukuta.

"Kesho utakuja?" akauliza.

Alikuja kesho, na kesho yake, na mguu ukaunga, ingawa ulibaki mfupi kuliko mwenzake. Watu wa manispaa walikijaza kisima kifusi na kuizungushia nyumba uzio. Bwana Taa alikuja nyumbani kwao mchana mmoja bila koti wala chemli, mtu mdogo mwenye shati la kawaida, akaomba radhi mbele ya mama mkwe, naye mama mkwe akamsema mpaka akatamani ardhi ipasuke. Mama Pacha alikwenda mwenyewe kwa jirani kumwomba msamaha wa shuka, jambo lililompa taabu kuliko mengi. Baba Pacha akakaa upande wa pili wa meza ya cherehani, akajifunza kukata na kupiga pasi, na vifungo alivyoshona mwanzoni viliwadondoka watoto wa shule njiani kama mvua ya mawe.

Woga wa Mama Pacha haukuisha. Panya bado anamtoa jasho. Ila siku moja jioni, wakiwa wanashindana na sare za mwanzo wa muhula, mtu alipiga ukelele mtaani, na kwenye dirisha la pili watu wakasikika wakicheka. Baba Pacha aliacha kukata, mkasi ukabaki wazi. Mama Pacha tayari alikuwa mlangoni. Walikuwa ni vijana wawili, mkokoteni wao umezama kwenye tope, wanapigiana kelele nani asukume. Aliwaangalia mpaka akahakikisha hakuna aliyeumia. Kisha akapandisha gauni, akaingia topeni, akauweka mgongo wake kwenye mkokoteni, wakausukuma wote mpaka ukatoka.